Jumamosi Nyeupe ya Baba

Baba yangu aliwahi kusemea pande zote mbili za ndoa moja, siku moja, uwanja mmoja, kwa mdomo ule ule mmoja. Sikusimuliwa. Nilikuwa nimekaa pale nikitamani ardhi ipasuke.

Kwetu Bukavu mahari haitolewi kimyakimya. Kila familia huja na msemaji wake. Msemaji wa upande wa kijana huomba kwa unyenyekevu, na wa upande wa msichana hujifanya hajui wageni wamefuata nini. Huwauliza kama wamepotea njia, hulalamika kwamba mbuzi amekonda, hukataa na kukataa tena, watu wakicheka hadi wakilia. Mwisho wanaelewana, na chakula kinaletwa. Baba mzazi wa msichana hasemi. Hukaa kwenye kiti chake wengine wamsemee.

Baba alikuwa fundi wa redio pale soko la Kadutu mpaka redio zilipohamia ndani ya simu. Alipokosa cha kufungua, akafungua mdomo. Kwanza alisemea binamu, kisha majirani wa Kasha, tunakokaa, halafu Bagira nzima, na mwishowe watu walimfuata hata kutoka upande wa pili wa mji. Hakuandika miadi yake mahali popote. Yote aliiweka kichwani, akajigamba nayo.

Siku hiyo ninayoisema, familia mbili zilikuwa zimemfuata kwa nyakati tofauti, kila moja ikitaja Jumamosi yake bila kutaja familia ya upande wa pili. Akawaitikia wote. Alipofika na kuona wote wako kwenye uwanja mmoja, wakimngojea yeye, hakutetereka. Alivua kofia akasimama upande wa kijana, akaomba mke kwa sauti ya upole. Kisha akavuka zulia, akavaa kofia, akajijibu kwa ukali. Alijikatalia mbuzi. Akarudi, akavua kofia, akajibembeleza. Mama alijifunika uso kwa kitenge.

Jioni tulipofika nyumbani mama alimwambia, "We muzee, mushika mawili moya humuponyoka. Iko siku utakuya kujiitikia ata mu kilio yako mwenyewe."

"Miye nimeshika yote mawili," baba akajibu, "na nimerudi na nyama."

Kwa muda mrefu hilo lilikuwa kichekesho cha nyumba yetu. Halafu ikafika zamu yangu, na sikucheka tena.

Mchumba wangu alikuwa mtu wa ofisi, mpole, wa kazi ya miradi ya maji. Baba yake alikuwa marehemu, kwa hiyo mambo ya familia yao yalikuwa mikononi mwa mjomba wake, mfanyabiashara wa maharage wa Minova, kando ya ziwa, mtu anayependa kila kitu kiende kama boti inavyoondoka bandarini: ukichelewa, imekuacha. Mjomba aliuliza Jumamosi moja. Baba akasema ana shughuli. Akauliza nyingine. Shughuli. Ya tatu vivyo hivyo. Mara ya nne mjomba hakumpigia baba. Alimpigia mchumba wangu, naye akaweka sauti nje nisikie.

"Mutoto, ule muzee iko na binti ao hana? Kila siku okipe, okipe, iko na kazi. Sisi si batu ba kungojeaka ku mulango. Nitauliza tena mara moya. Akikatala, tutarudisha mbuzi zetu ku Minova na maneno itaishia pale."

Mchumba wangu alizima simu akatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa na miaka inayotosha kujua kwamba mwanaume mpole hapatikani kila kona, na nilimpenda. Kumpoteza kwa sababu baba yangu hana Jumamosi lilikuwa jambo la kunitia wazimu.

Wakati ule sikumshuku baba kwa lolote. Niliamini tatizo ni kile kichwa chake, kwamba miadi imejaa mle hadi inakanyagana. Na kama tatizo ni kichwa, dawa ni kalenda. Tena si ya ukutani, maana baba peke yake hakutosha. Mchumba wangu alikuwa na kalenda ya ofisi ambamo wakubwa wake walimwagia mikutano bila kumuuliza. Dada yangu mkubwa anasuka nywele Brussels, na wateja wake huchagua saa wenyewe kwenye tovuti ya miadi. Ili apande ndege, ilibidi ajue mapema na zile saa zifungwe. Nilihitaji kalenda moja ya mtandaoni inayoweza kuongea na hizo zote, halafu ikakubali kuishi ndani ya simu ya baba yenye kioo kilichopasuka.

Kazi yangu ni kupanga kadi za mialiko kwenye duka la uchapaji. Nikimaliza kupamba majina ya maharusi wa watu, nilibaki dukani nikitumia mtandao wa bosi kutafuta kalenda yangu. Bosi aliniona, akaguna, akaniacha.

Ya kwanza ilikuwa na rangi za kupendeza kama vitenge vipya. Niliiunganisha na ya mchumba wangu, na mikutano yake yote ikaja kwangu. Nilifurahi mpaka nilipogundua kwamba yangu haiendi kwake. Ilipokea tu, haikutoa. Jamaa wa namna hiyo ninao tayari, sikuhitaji mwingine ndani ya simu. Nikaifuta.

Iliyofuata ilitaka kadi ya benki kabla hata ya kuniamkia. Iliyofuata hiyo ilikuwa nzuri kweli, ila ilimaliza mega zangu zote kwa asubuhi moja, na mtandao ukikatika, jambo ambalo Kasha halihitaji kuelezwa, ilionyesha ukurasa mtupu kana kwamba sina shughuli duniani. Nyingine ilikataa tovuti ya dada. Nilimpigia dada nikilalamika, naye, akiwa na kichwa cha mteja mapajani, akaniambia, "Mudogo yangu, kalenda zote za dunia zinasikilizana. Ile haisikilizane na mutu ni ya papa."

Hatimaye nikaipata. Haikuwa na sura. Ilikuwa na weupe mwingi na mistari myembamba, kama daftari la shule. Lakini ilifanya kazi hata mtandao ukiwa umelala, na ukiamka ilijisawazisha yenyewe. Dada alinitumia kiungo kirefu cha herufi na tarakimu zisizo na maana yoyote, nikakibandika, na vichwa vyake vyote vya Brussels vikajipanga mbele yangu kwa rangi ya kahawia. Naye akabandika cha kwangu kwenye tovuti yake, ili siku nitakayoifunga huku, ijifunge na kule. Mikutano ya mchumba wangu ikaja kwa buluu, na safari hii yangu ikaenda kwake. Baba nikampa kijani. Siku isiyo na mtu ilibaki nyeupe.

Kosa nililofanya ni moja. Kalenda iliniuliza tuko mji gani. Nikatafuta Bukavu, haikuwepo. Kwa nchi yetu yote ilinipa Kinshasa na Lubumbashi tu, nami kama mtoto mzuri wa shule nikachagua mji mkuu. Nilisahau kwamba saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu. Mahari ya kwanza ambayo baba aliingojea kwa kutazama kalenda, alifika saa nzima baada ya wakati aliopewa. Alikuta wenyeji ndiyo kwanza wanapanga viti, nao wakamsifu kwa kuwahi. Alirudi akisema mashine yangu haina kasoro hata kidogo. Nilibadilisha mji kimyakimya, nikaweka Lubumbashi.

Siku ya kumfundisha, baba aliipindua simu akaitazama mgongoni, akitafuta skrubu.

"Haina ata vise moya," akasema. "Sasa nitafunguliaka wapi?"

"Haifunguliwe, papa. Unaguzaka tu."

"Mashine yenye haifunguliwe haiko mashine. Iko mujumbe ya mutu."

Lakini aliipenda. Mtu aliyetumia miaka mingi kutia uhai redio zilizokufa hawezi kuchukia kitu kinachowaka. Akawa mtu wa kutoa simu mbele ya wageni, kuvaa miwani, kukohoa, na kusema, "Ngoja tuulize mashine." Wageni nao walinyamaza kwa heshima. Kila aliyeomba Jumamosi, baba aliiingiza hapo hapo, herufi kwa herufi, akitamka kila anachoandika. Nami nikiwa dukani niliona kijani kinajitokeza kwenye simu yangu, nikatabasamu. Nilijisikia kama nimemfunga kamba ya mguuni, lakini kamba ya upendo.

Kazi ya kutafuta siku ikawa rahisi. Jioni moja tulikaa mimi, mama na mchumba wangu, tukapitisha kidole mwezi baada ya mwezi. Kijani, buluu, kahawia, kijani. Kisha Jumamosi ya pili baada ya Pasaka ikatokea nyeupe pe. Nilifunga na kufungua kalenda kuhakikisha. Nyeupe. Mama akapiga vigelegele mpaka jirani akauliza nani amejifungua. Nikamwambia baba, akasema, "Aya, tumeona," akaendelea kula sombe yake. Mchumba wangu akampigia mjomba, mjomba akasema anangojea baba mwenyewe athibitishe, na mara hii ndiyo ya mwisho.

Nilipaswa kuifunga siku ile papo hapo. Sikuifunga, kwa adabu tu. Nilitaka baba aifunge kwa mkono wake.

Siku chache baadaye, nikiwa katikati ya kadi ya mtu mwingine, simu ikatetemeka. Kijani. Jumamosi ya pili baada ya Pasaka: mahari ya binti wa jirani, hapo hapo Kasha, msemaji baba yangu.

Sikumaliza kadi ile. Nilipanda pikipiki hadi nyumbani, na njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ambayo binti hamwambii baba yake. Nilimkuta barazani, amefungua pasi ya mtu, waya zimetapakaa mapajani.

"Papa, ile siku ilikuwa yangu."

"Jirani alikuya kunililia apa. Ningefanya aje?"

"Ungeuliza mashine! Si unaiulizaka mbele ya batu?"

"Niliuliza. Iliniambia iko nyeupe."

"Ilikuwa nyeupe kwa ajili yangu, papa! Uliona, na ukaijaza!"

Nilikuwa nimepaza sauti. Sikuwa nimewahi kumpazia baba sauti, wala sijawahi tena. Yeye alikuwa akizungusha skrubu ndogo kati ya vidole, bila kuitazama. Nikamwambia kuhusu mjomba wa Minova na mbuzi wake, kwamba hii ilikuwa mara ya mwisho, kwamba nitazeekea kwenye duka la kadi nikipamba majina ya wengine. Hapo ndipo mama akasema kutoka jikoni, bila kutoka nje, "Mwambie kweli, muzee. Umwambie weye, ao nimwambie miye."

Baba aliweka skrubu chini.

"Nimesindikiza batoto ba batu mingi," akasema. "Kila Jumamosi. Nasema, nacheka, nakula. Kisha nakuya ku nyumba, na weye njo unanifunguliaka mulango. Unaniuliza, 'Papa, bameleta nini?' Nakuelezea byote. Sasa ile Jumamosi yako, nani atanifungulia?"

"Miye siko na mikono?" mama akauliza jikoni.

"Wewe unafunguaka," baba akasema, "lakini hauulizake kitu."

Niliketi kwenye ngazi. Hasira haikuniondoka, ila ilichanganyika na kitu kingine, sikujua nishike kipi. Nilimpenda sana mzee yule na waya zake. Nilikumbuka kwamba kweli, tangu nikiwa mdogo, nilikuwa nikikimbilia mlango kila Jumamosi, naye alikaa bila kuvua hata viatu, akanirudia maneno yote ya siku ile, ya kwake na ya mpinzani wake, kwa sauti mbilimbili. Mimi nilidhani ananiburudisha. Kumbe ndiyo ilikuwa sehemu aliyoingojea mchana kutwa.

"Naenda Muhumba, papa," nikamwambia. "Iko apa apa Bukavu, haiko Ulaya."

"Ata ku nyumba ya pembeni. Kuenda ni kuenda." Akaiokota tena skrubu. "Tena ile siku nitakaa pale kama jiwe. Batu bananiitaka juu ya mudomo, na ya mutoto yangu mudomo itafungwa. Mutu mwengine atakusemea, na atakusemea bibaya."

"Kinyozi hajinyoi," mama akasema, na safari hii alitoka, akasimama mlangoni na mwiko. "Unajua zaidi ya sisi wote. Leka mutoto aende."

Nilimsaidia kukusanya waya za pasi, nikaenda kulala bila kumuaga, kisha nikarudi nikamuaga.

Kesho yake, dukani, simu ikatetemeka tena. Niliogopa kuitazama. Ile kijani ya jirani ilikuwa imehamia Jumapili. Baadaye nilijua kwamba baba aliamka mapema akaenda mwenyewe kwa jirani kuomba radhi, na jirani akakubali kusogeza hadi baada ya misa. Mahali pake, Jumamosi ile, kulikuwa na tukio jipya, kwa herufi kubwa tupu, maana baba hakuwa amejua pa kurudishia ndogo: MUTOTO YANGU ANAOLEWA. NIKO KU NYUMBA. MUSINIITE.

Chini yake alikuwa ametualika rasmi, mimi, mchumba wangu na dada, na kalenda ikaniuliza kwa Kifaransa chake kama nitahudhuria: Oui, Non, Peut-être, yaani ndiyo, hapana, labda. Nililia juu ya kadi ya watu nisiowajua. Bosi akaguna. Nikabonyeza Oui, nikampigia mchumba wangu, naye akampigia mjomba, na mjomba akasema, "Basi. Nilijua ule muzee iko na binti."

Furaha yetu ilidumu hadi dada alipopiga simu kutoka Brussels akifoka.

"Nani amefunga Jumamosi zangu zote?"

Nikadhani anatania. Nilifungua kalenda, nikasogeza mbele. Jumamosi ya tatu baada ya Pasaka: MUTOTO YANGU ANAOLEWA. Ya nne: MUTOTO YANGU ANAOLEWA. Mwezi uliofuata, mwaka uliofuata, na ule wa baada yake, hakuna mwisho, kila Jumamosi ya dunia baba yangu alikuwa nyumbani na asiitwe. Na kwa kuwa nilikuwa nimechagua kalenda inayosikilizana na nyingine zote, zote zilimsikiliza. Tovuti ya dada ilikuwa ikiwafukuza wateja. Ofisini kwa mchumba wangu, mkuu wake alimwita kando akamuuliza kwa upole kama kweli ataoa kila wiki.

Jioni nikamuuliza baba.

"Mashine iliniuliza kama hii kintu inarudiaka," akasema. "Nikajiuliza, dote, mahari yenyewe, inakuyaka siku gani? Jumamosi. Kila Jumamosi. Njo nikasema ndiyo."

Nilimfungulia dada Jumamosi zake, nikamfungulia na mchumba wangu. Ya baba nilimwachia aifute mwenyewe baada ya sherehe, kwa sababu ni yake. Nilimwonyesha pa kubonyeza. "Nitafuta," akasema.

Jumamosi yenyewe ilinyesha mvua asubuhi, halafu ikakoma. Hema lilisimamishwa uani. Mjomba wa Minova alifika na koti lake zito, viatu vimelowa maji ya ziwa, akapewa heshima zote. Dada alikuwa ameshuka Kigali na kuvuka mpaka wa Rwanda usiku uliotangulia, nywele zake mwenyewe hazijasukwa. Wa kutusemea alikuwa kijana wa kazi wa zamani wa baba pale soko la Kadutu, siku hizi mtu mzima mwenye kitambi, aliyejifunza kusema kwa kumsikiliza baba. Na baba alikaa mbele kwenye kiti chake, kofia magotini, kimya.

Nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, kama desturi inavyotaka, nikimtazama kupitia upenyo. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Kila neno la msemaji alikuwa akilisema yeye kwanza, bila sauti. Mara moja tu, msemaji wetu alipotaka kumpokea mbuzi haraka mno, baba alikohoa. Kikohozi kikavu, cha fundi anayesikia redio ikikwaruza. Msemaji akasita, akamtazama mbuzi upya, akasema, "Lakini huyu ndugu anachechemea kidogo." Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mjomba wa Minova akacheka kuliko wote.

Iko nafasi moja tu ambapo baba wa msichana huruhusiwa kusema. Vitu vikishapokelewa, hupewa kikombe cha kasiksi, pombe ya ndizi, na binti huitwa mbele ya watu. Baba humuuliza kama anywe. Maana yake ni kwamba akishakunywa, hakuna kurudisha. Binti akikataa, kikombe kinawekwa chini na kila mtu anarudi kwake.

Nilitoka. Baba alisimama na kikombe chake. Nilijua amewahi kuwafundisha akina baba wengine sentensi ya kusema pale, ndefu, yenye methali mbili na kicheko mwishoni. Watu waliingojea. Mimi pia niliingojea. Alifungua mdomo, akaufunga. Msemaji wetu akasogea kama wa kumsaidia, naye akamzuia kwa kofia.

Mimi nimerithi jina la mama yake, na tangu utoto hajawahi kuniita vingine nyumbani ila mama.

"Ninywe, mama?" akaniuliza.

Ndiyo hayo tu. Nilitaka kumwambia asinywe, akiweke, turudi ndani animalizie habari za siku. Nilitaka pia, kwa moyo wangu wote, kwenda na yule mpole aliyekaa ng'ambo ya zulia akitazama viatu vyake.

"Kunywa, papa."

Akanywa chote bila kupumua. Alipofuta uso alifuta na macho, akatangaza kwa sauti yake kamili ya zamani kwamba kasiksi hii imechacha, na vigelegele vya dada vikafunika mengine yote.

Hiyo imeshapita. Mimi niko Muhumba, na kila Jumamosi asubuhi, nikiwa naosha vyombo au nabishana na mume wangu kuhusu sabuni, simu hutetemeka. MUTOTO YANGU ANAOLEWA. NIKO KU NYUMBA. MUSINIITE. Baba hakufuta. Familia zikimfuata kuomba Jumamosi, hutoa simu, huvaa miwani, huiuliza mashine mbele yao, kisha huwaonyesha. "Mashine inakatala," husema. "Niko na mutoto anaolewa." Wengi hucheka wakamwendea yule kijana wake wa zamani. Wanaomtaka yeye kabisa humchukua Jumapili, baada ya misa.

Nimemwonyesha tena na tena pa kubonyeza. Mtu aliyewahi kufungua kila redio ya Kadutu ananiambia mashine hii inamshinda. Mume wangu aliwahi kunikumbusha kwamba kalenda ni yangu, naweza kuifuta mwenyewe kwa kidole kimoja. Ni kweli. Nilijaribu siku moja, nikafika mahali inapouliza: tukio hili peke yake, au na yote yanayofuata? Nikaifunga ile kalenda bila kuchagua, nikaenda kununua sambaza, wale dagaa wa ziwa letu.

Kwa hiyo kila Jumamosi inaniuliza kama nitahudhuria, nami nabonyeza Oui, ili kule Kasha simu yenye kioo kilichopasuka ilie. Kisha napanda pikipiki. Nikifika sibishi hodi mara mbili. Amekwisha kusikia pikipiki, anafungua yeye, amevaa viatu tayari.

"Mama," ananiuliza, "umeleta nini?"

"Sambaza, papa. Na maneno mingi."

Anapokea mfuko, ananipisha nipite, anarudi kukaa kwenye kiti chake. Nami nakaa kwenye kile cha pili na kumweleza wiki yangu yote, kwa sauti mbilimbili, ya kwangu na ya mume wangu.